Waliokunywa Maneno Yao

Mji ule haukuwa na mtaa hata mmoja wenye jina la mtu. Mitaa yake iliitwa kwa miaka: Mtaa wa Mwaka wa Kwanza, ule mfupi unaoanzia bandarini, Mtaa wa Mwaka wa Pili, wenye kona nyingi, Mtaa wa Mwaka wa Tatu, ambao mvua ikinyesha hunuka chumvi, na hivyo hivyo mpaka wa Arobaini, ambao lami yake ilikuwa bado inang'ang'ania viatu. Na aliyepita mtaa alirudiwa na umri wake wa mwaka ule. Wenyeji walikuwa wamekwisha zoea. Bibi mwenye wajukuu akikatiza Mtaa wa Kumi na Mbili kwenda sokoni alijikuta mwanamwali kwa hatua mia tatu, akabeba kapu lake kwa mkono mmoja huku akiimba, kisha akatokea upande wa pili na magoti yake ya siku zote, wala hakuna aliyemtazama mara mbili. Waliozaliwa baadaye hawakuweza kuingia mitaa ya kabla yao. Wao waliona ukuta tu, umepakwa chokaa, na nyuma yake sauti za watu.

Mzee Mshamu alikuwa na miaka sabini na sita katika Mtaa wa Arobaini, ndiko alikokuwa akiishi. Alikuwa wa mwisho kubaki katika wale saba waliouanzisha mji. Kwa miaka karibu thelathini hakuwa ametia mguu katika mitaa kumi na mmoja ya mwanzo. Alipotaka kwenda bandarini alizunguka ufukweni, kwenye matope, viatu mkononi, mzee mzima. Watu walidhani anapenda hewa ya bahari. Ukweli ni kwamba katika mitaa ile kumi na mmoja Ngwali alikuwa bado hai.

Asubuhi ile Thuwaiba alikuja mwenyewe. Alikuwa Mwenyekiti wa Baraza, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mpole, mwenye tabia ya kuvua viatu hata pale asipoambiwa avue. Alikaa kwenye mkeka, akapokea chai, akauliza habari za kifua, kisha akaeleza lililomleta. Alasiri ya siku hiyo, alisema, Baraza litakutana kando ya Ziwa. Limekusudia kuivunja sheria ya kwanza ya mji, kwa mara moja tu na kwa heshima. Kwenye jiwe la mlango wa maji litaandikwa jina la mtu. Baraza lingependa mzee awepo, aandike sahani pamoja nao kama zamani, ili jambo lipate baraka.

"Watoto wa shule wananiuliza nani aliyetutoa kwenye kiu," alisema. "Nikiwaambia ni sisi sote, Babu, wananitazama kama nimewapakulia sahani tupu. Mtoto anataka uso."

Mshamu aliuliza ni jina gani, ingawa alikwisha kulijua kabla kikombe hakijatua.

"Ziwa Ngwali."

"Mna hakika gani kuwa lile neno la maji lilikuwa lake?"

Thuwaiba alimwangalia kwa upendo wa kweli, na upendo ule ndio uliouma. "Nani mwingine, Babu?"

Alipoondoka, swali lile halikuondoka naye. Lilibaki mkekani, likakaa pale alipokaa. Nani mwingine. Mshamu alilizunguka swali lile kama mtu anayezunguka mgeni asiyeaga. Arobaini. Miaka arobaini nimeishi, nimekula, nimefuga ndevu, nimezika wenzangu wote, nimebeba mji huu begani baada yao, na bado mtu anaweza kuketi mbele yangu akauliza nani mwingine. Mimi. Mimi mwingine. Nipo hapa, nina chai mkononi.

Kwa maana Mshamu aliukumbuka mkono wake. Aliukumbuka ukiandika: *Tuzibe mdomo wa ghuba. Mvua itafanya yaliyobaki.* Aliukumbuka ubaridi wa sahani, rangi ya zafarani, na jinsi herufi ya mwisho ilivyokataa kukauka. Neno lile ndilo lililoigeuza ghuba kuwa Ziwa na kuuokoa mji mwaka wa nne, pale Jirani wa ng'ambo, aliyekuwa akiuuzia maji, alipofunga bomba. Leo kila mtoto alilijua kwa moyo. Na kila mtoto alilisoma kwa sauti ambayo walimu waliwafundisha kuwa ndiyo sauti ya Ngwali.

Lau lingekuwa hilo tu, pengine angevumilia. Lakini mji ulikuwa umemfanya Ngwali kuwa mtungi wa kutilia kila kitu. Kinyozi akimnyoa mteja alisema, kama alivyosema Ngwali. Wauza samaki walibishana juu ya namna ya kulainisha pweza na mmoja akamaliza ubishi kwa kusema hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya Ngwali, mtu ambaye Mshamu alijua kwa hakika kuwa pweza alikuwa hamli, alimwogopa. Ngwali alikufa kwa homa ya siku tatu mwaka wa kumi na moja, akiwa na miaka arobaini na sita, meno yote kinywani. Hakupata kuzeeka wala kukosea mara ya pili, na hakuwahi kusinzia barazani watoto wakamcheka. Mtu wa namna hiyo utashindana naye vipi? Kila mwaka Mshamu alipozidi kunyauka, mwenzake alizidi kung'aa, kana kwamba mafuta ya taa moja yalikuwa yakimiminwa katika nyingine.

Hapo yafaa kueleza habari ya sahani, maana bila hiyo kosa la Mshamu halieleweki, na lilikuwa kosa ambalo katika dunia nzima watu saba tu wangeweza kulifanya.

Siku Bara ilipoufukuza mji ule, kama mtu anavyomfukuza mkwe asiyempenda, wale saba walikutana katika kiwanda cha barafu kilichoachwa wazi, kwa sababu lilikuwa jengo pekee lenye kuta nene za kuzuia kelele za nje. Hapakuwa na karatasi, zilikuwa zimechukuliwa na makarani wa Bara pamoja na mihuri. Alikuwepo binti wa miaka kumi na tisa, Shuwea, ambaye baba yake alikuwa fundi wa kombe: mtu akiugua, fundi humwandikia maneno ya dua kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, huyaosha kwa marashi ya waridi, na mgonjwa huyanywa. Shuwea alileta sahani saba na kalamu saba za mwanzi. Kila mmoja akaenda pembeni akaandika wazo lake kuhusu mji uanzeje. Binti alizikusanya sahani chini ya kawa, kile kifuniko cha ukindu cha chakula, akazinakili zote ubaoni kwa mkono wake mmoja ili mwandiko usimfichue mtu, akasoma.

Sahani mojawapo siku ile ilikuwa imeandikwa: *Pasiwe na jina la mtu juu ya kitu chochote. Neno liwe la wote au lisiwe.* Kisha Ngwali akasema kwa ile sauti yake, naliunga mkono. Basi ikawa ndiyo sheria ya kwanza. Shuwea akaziosha sahani zote katika birika moja, na wale saba wakanywa kwa kikombe kimoja, kwa zamu, mpaka tone la mwisho. Wakafanya hivyo kila kikao kwa miaka mingi. Waliandika, wakanakiliwa, wakaamua, wakanywa. Kila mmoja alimeza maneno ya wenzake pamoja na yake, zafarani juu ya zafarani.

Sheria ile ya kutokuwa na majina ndiyo iliyomtesa Mshamu kuliko hata maji. Watu walisema ni ya Ngwali, na Mshamu mwenyewe hakuwahi kutilia shaka. Ilifanana naye. Mtu ambaye jina lake liko midomoni mwa wote ndiye anayeweza kulikataa kwa madaha. Hata kujificha kwake kulikuwa kujionyesha.

Ni mtu mmoja tu duniani aliyejua nani aliandika nini. Mshamu alivaa kanzu yake, akashika viatu mkononi, akazunguka ufukweni kwenda kumtafuta.

*

Bi Shuwea alikuwa amechagua kuishi Mtaa wa Mwaka wa Kwanza, mlango wa pili kutoka kiwanda cha barafu. Kwa hiyo alipomfungulia alikuwa na miaka kumi na tisa, nywele zimesukwa mistari minne, na Mshamu aliyesimama kizingitini alikuwa na thelathini na saba na kifua kisichokohoa. Mbali, upande wa gati, sauti za wachukuzi zilisikika zikiita jina la mtu kwa pamoja. Mshamu hakugeuka. Alijua ni jina gani.

"Bwana Mshamu," alisema Shuwea. "Nilidhani utakuja mwaka ule alipokufa Ngwali. Nikapika, nikangoja. Sasa karibu, lakini chakula kimepoa."

Mshamu alikaa kwenye kigoda. Zile sahani saba zilikuwa zimepangwa ukutani, nyeupe, safi, kama meno. Mshamu alimweleza habari ya jiwe na jina. Alisema hataki fahari, akasema tena kuwa hataki fahari, na mara ya tatu Shuwea akamwomba aache kulirudia. Hapo Mshamu akamkumbusha kiapo alichoapa yeye binti siku ya kwanza: mwenye neno akiuliza neno lake, ataambiwa.

"La mwenzako sitoi," alisema Shuwea. "Nitakwenda nalo. Lako, uliza."

"Siku ya maji. Mwaka wa nne. Niliandika nini?"

Shuwea alifumba macho. Alipokuwa akikumbuka, vidole vya mkono wake wa kulia vilisogea juu ya goti kana kwamba vinanakili.

"*Turudi Bara. Tuombe radhi. Watu watakufa kwa kiu na damu yao itakuwa shingoni mwetu.*"

Wachukuzi waliendelea kuita kule nje. Mshamu alisema hapana, siyo hiyo, labda anachanganya na siku nyingine. Shuwea alisema hachanganyi. Siku ile zafarani ilidondoka ukingoni mwa sahani ya Mshamu. Yeye Shuwea alidhani ni chozi, kwa hiyo akainusa kabla ya kunakili.

"Lakini mimi naukumbuka mkono wangu ukiandika," alisema Mshamu. "Mdomo wa ghuba. Naukumbuka."

"Neno lile ulilinywa."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama daktari anavyotaja ugonjwa ambao wengi wanao. Mshamu akahisi ule uhai wa miaka thelathini na saba ukimkaa mwilini kama nguo ya kuazima. Turudi Bara. Tuombe radhi. Kumbe mimi ndiye niliyetaka kuufunga mji kama duka. Kumbe nimekaa miaka yote hii nikidai maji, na mkono wangu ndio uliopiga magoti.

"Basi ni Ngwali," alisema.

Shuwea aliinuka akaiweka kawa vizuri juu ya meza, ingawa ilikuwa imekaa vizuri. "Sahani zilikuwa saba, Bwana Mshamu. Wewe siku zote umekuwa ukihesabu mbili."

Ndipo Mshamu akajaribu kuwakumbuka wengine watano. Alipata mmoja, aliyekuwa akikohoa kabla ya kusema. Alipata wa pili, jina tu bila uso. Wa tatu aliupata uso bila jina. Wawili hakuwapata kabisa. Alikuwa amewazika kwa mikono yake na hakuwapata. Wivu ulikuwa umemmulikia mtu mmoja miaka arobaini, na wote waliokaa pembeni mwa mtu yule walikuwa wameingia gizani, hata yeye mwenyewe.

Aliuliza kwa sauti ndogo, sauti aliyoionea haya, kama kuna chochote katika mji ule ambacho ni chake. Chochote. Hata choo cha sokoni.

Shuwea akafumba macho tena na vidole vikaanza kusogea.

"Siku ya kwanza. *Pasiwe na jina la mtu juu ya kitu chochote. Neno liwe la wote au lisiwe.*"

Sasa Mshamu alisikia vizuri wachukuzi, na akajua kuwa walikuwa wakiita hivyo hivyo saa ile alipokuwa amejibanza nyuma ya mtambo wa barafu, sahani mapajani, akisikiliza jina la mwenzake likigonga ukuta. Ngwali. Ngwali. Ngwali. Alikuwa amewaza: hawa watampa mji. Wataandika jina lake kwenye kila mlango, na mimi nitapita chini ya jina lile mpaka nife. Akaandika. Hakuwaza haki wala usawa. Aliandika kama mtoto anayeshika kitumbua cha mwisho na kusema basi kisiliwe na mtu.

Na juu ya hilo ukajengwa mji. Mitaa isiyo na majina. Hospitali, shule, madaraja, yote bila mwenyewe. Wageni waliokuja kustaajabu. Wanafunzi walioandika insha juu ya unyenyekevu wa waasisi. Jambo jema kuliko yote waliyowahi kufanya, lile ambalo lilimzuia mtu yeyote kati yao asigeuke mfalme, lilitoka kwenye tumbo lililokuwa likiungua. Je, maji yanajua yametoka wapi? Anayeyanywa anaulizwa chanzo? Au kuna siku moja, lazima, ambapo ladha ya chanzo inarudi ulimini?

"Na leo wanaivunja," alisema hatimaye.

"Leo alasiri," alisema Shuwea. "Mimi nimeitwa kunakili. Toka, nibadilishe nguo."

*

Angeweza kurudi kupitia ufukweni. Alifika mpaka kwenye matope, viatu mkononi, akasimama. Kisha akavaa viatu akakata kona kuingia Mtaa wa Mwaka wa Tisa.

Ngwali alikuwa ameketi kwenye baraza la nyumba ya kijani, akimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likishuka bila kukatika. Wafu katika mitaa ile hawakusema mapya, walisema tu yale waliyokufa bila kuyasema. Ndiyo maana wengi wao walikuwa kimya. Lakini Ngwali aliinua uso.

"Shamu. Bado unanuna?"

"Nina miaka sabini na sita."

"Hapa una arobaini na tano, na unanuna. Kaa."

Mshamu alikaa. Mwili wake wa miaka arobaini na tano ulikuwa na hasira mpya kuliko ule aliouacha nyumbani, na alihisi ile chuki ya zamani ikimpanda na nguvu zake zote. Kule kunyooka kwa mgongo. Zile kucha safi. Hata chungwa lilimtii. Alimwambia kwa ukali kuwa leo wataandika jina lake kwenye jiwe la Ziwa.

Ngwali alicheka. "Langu? Kwa lipi?"

"Kwa neno la maji."

Kisu kilisimama. Ganda la chungwa likakatika na kuanguka.

"Lile si lako?" alisema Ngwali.

Mwanamke aliyekuwa akianika nguo ng'ambo alikuwa bado ameinua mikono, na shuka halikushuka.

"Mimi nilidhani ni lako," aliendelea Ngwali, akiangalia ganda. "Siku zote. Nilikuwa nikikuona unapita hapa na uso ule wako wa mtu asiyetaka shukrani, nikasema, tazama, anajua ametuokoa na wala hasemi. Nisingeweza mimi. Ningesema. Roho iliniuma, Shamu, bwana. Ukipita, nilikuwa najitia kumenya chungwa ili nisikutazame. Nimekula machungwa mengi mpaka yakanitoa vidonda vya mdomo kwa sababu yako."

Wanaume wawili walikaa barazani bila kutazamana, na kati yao palikuwa na nafasi ya kukaa mtu wa tatu, yule ambaye kweli aliandika, ambaye hakuna aliyemwonea wivu.

Ngwali alilipasua chungwa akampa nusu. "Usiwaache waandike," alisema. "Watanifanya niwe na haki ya kitu ambacho sikukifanya. Nitakaa pale kwenye jiwe kama mwizi."

Kama alisema hilo kweli, au Mshamu alilisikia kwa sababu ndilo alilotaka kulisikia, hilo mwenyewe hakuweza kulijua hata baadaye. Lilimfaa mno. Alitembea kuelekea mwisho wa mtaa akila chungwa lile, na kwenye hatua ya mwisho likatoweka mkononi, magoti yakarudi, kifua kikarudi. Harufu tu ilibaki kwenye vidole. Alikuwa akibishana na nafsi yake njia nzima. Unakwenda kuutetea mji. Hapana, unakwenda kumnyima mtu jiwe lake. Unakwenda kulilinda neno lako. Lakini neno lako linasema huna neno. Basi unakwenda kufanya nini, mzee? Nakwenda kuandika sahani. Hilo tu. Wamenialika.

*

Kando ya Ziwa walikuwa wametandika mikeka. Maji yalikuwa mapana na bila wimbi, na mlango wa maji ulisimama na jiwe lake jeupe ambalo fundi alikwisha lipiga msasa. Fundi mwenyewe alikaa pembeni, patasi mapajani, akingoja. Wajumbe saba wa Baraza walikuwa vijana, hakuna kati yao aliyewahi kuushika mwanzi wenye zafarani, wakachekana vidole vilipopakaa rangi ya manjano. Bi Shuwea alifika akijikongoja kwa fimbo, mwenye miaka hamsini na nane inayoonekana sabini, akakaa karibu na birika. Hakumtazama Mshamu.

Kulikuwa na sahani nane siku hiyo, saba za Baraza na moja ya mzee. Kila mmoja akageukia upande wake. Mshamu alitia mwanzi kwenye wino. Wazo lilikuwa moja tu, na lilikuwa lile lile la kale, lakini alishangaa kuona mkono unaliandika kwa namna nyingine. Hapakuwa na wachukuzi wa kupiga kelele. Aliwaza juu ya wale wawili ambao hakuwapata, wasio na uso wala jina, na mkono ukaenda.

Bi Shuwea alikusanya, akafunika kwa kawa, akanakili. Thuwaiba akasimama kusoma. Sahani saba zilisema kwa njia mbalimbali kuwa jina la Ngwali liandikwe: moja kwa herufi kubwa, moja pamoja na tarehe, moja kwa shairi fupi. Ya sita kwa mpangilio wa kusomwa ilikuwa hii:

*Tulikunywa pamoja. Mkiandika jina moja juu ya maji haya, sisi wengine tutakuwa hatukunywa. Liacheni jiwe wazi. Mtoto akiuliza nani aliyetutoa kwenye kiu, mleteni aweke kiganja chake hapa, asikie ubaridi, na mwambieni kuwa waliokuwa na kiu walikuwa wengi.*

Thuwaiba alisoma mpaka katikati, akaacha. Akarudia tangu mwanzo. Watu waliokaa kwenye mikeka walisikia mlango wa maji ukilia kidogo kwenye bawaba zake. Mjumbe aliyeandika kwa herufi kubwa aliomba sahani yake isihesabiwe. Mwenye shairi naye akaomba. Haikupigwa hata kura. Fundi aliitia patasi yake mfukoni, akalifuta jiwe vumbi kwa kiganja, na kiganja kile kikabaki pale.

Kisha mnong'ono ukaanza nyuma, ukaja mbele kama upepo unavyokuja juu ya majani. Mshamu aliusikia kabla haujamfikia. Ni yeye. Ni yeye huyo. Sikiliza maneno. Hakuna mwingine angeweza kusema vile.

Bi Shuwea aliziosha sahani nane, maji yakawa ya dhahabu, yakanuka waridi, na kikombe kikaanza kuzunguka. Wajumbe walikunywa kwa zamu, wakikunja nyuso, maana zafarani nyingi ni chungu. Kilipomfikia Mshamu lilikuwa limebaki funda moja. Alilitia mdomoni lote. Hakulimeza. Alilishika pale nyuma ya meno, chini ya ulimi, chungu na tamu, neno lake la pekee, kwa sababu alijua kuwa likishuka tu litakuwa la wote, na kesho asubuhi vijana saba wataamka kila mmoja akikumbuka mkono wake ukiliandika.

Thuwaiba alikuja akapiga magoti kando yake, macho yamelowa, akamshika mkono ule wenye harufu ya chungwa.

"Sijui ni nani kati yetu aliyelikumbuka neno lake la zamani," alinong'ona. "Lakini leo alikuwa hapa, Babu. Wewe uliyemjua, niambie. Babu Ngwali amefurahi?"

Alingoja jibu. Ng'ambo, Bi Shuwea alikuwa ameacha kufuta sahani na alikuwa anamtazama.

Mshamu hakuweza kusema na mdomo umejaa. Akameza.

"Amefurahi," alisema.